Mate Niliyoyafuta kwa Leso

Mjukuu wangu aliniomba mate, nami sikuwa nayo.

Aliniomba Jumatatu moja, tumekaa kwenye kibaraza cha jikoni tukimenya ndizi. Niseme ukweli, alikuwa akimenya yeye. Mimi nilishika sufuria tu, kwa sababu vidole vyangu havikubali tena kisu. Barua yake ya kupangiwa kazi ilikuwa imefika wiki iliyotangulia: Katavi, mbali huko magharibi, kwenye misitu. Mambo ya misitu aliyasomea chuoni hapo Olmotonyi, karibu kiasi kwamba siku za mapumziko alikuwa anarudi kulala kwangu na viatu vyake vya matope, na mimi nikajidanganya kwamba kazi nayo ingekuwa hapa hapa mlimani. Meru ina miti mingi. Lakini barua ilisema Katavi, na tarehe ya kuripoti ilikuwa wiki tatu mbele.

"Bibi," akasema bila kuinua macho, "kabla sijaondoka unitemee. Kama mlivyokuwa mnafanyiwa zamani."

Kwetu mzee humbariki anayeondoka kwa kumtemea mate kidogo viganjani. Si mate ya dharau. Ni matone machache yanayotoka pamoja na maneno mema, na anayebarikiwa hujipaka usoni na kifuani, kisha anakwenda zake. Anayetema ni mkubwa wa nyumba. Katika nyumba yetu mkubwa ni mimi, na kwa kweli nimebaki mimi tu. Mume wangu amelala nyuma ya nyumba, pembeni mwa kahawa, na binti yangu, mama yake huyu mjukuu, amelala pembeni yake. Mtoto nilimpokea akiwa na miaka minne.

Nikamwambia tutaona. Sikumwambia kwamba kinywa changu kilikuwa kimekauka muda mrefu, kwamba ningelamba stempu ibaki kavu, kwamba usiku nalala na kikombe cha maji kando ya kichwa na bado ulimi unaamka umeganda kwenye kaakaa. Wala sikumwambia jambo la pili, ambalo lilikuwa zito zaidi.

Jambo la pili ni hili. Nilipokuwa na miaka ishirini na moja nilichaguliwa kwenda chuo cha wainjilisti. Asubuhi ya kuondoka mama yangu alinisindikiza hadi mwisho wa shamba, akaniambia nikunjue mikono. Akatamka maneno kwa Kimeru, akanitemea kidogo, mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Nilikuwa na leso nyeupe, mpya, niliyoidarizi pembeni kwa uzi wa bluu kwa ajili ya chuo. Nikaitoa mfukoni nikafuta viganja mbele ya macho yake.

"Mama," nikasema, "hayo ni mambo ya gizani. Sisi tulishatoka huko."

Mama alikuwa amebatizwa kabla sijazaliwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kusali. Aliniangalia, akaangalia leso, akanyoosha mkono.

"Niachie hiyo nikufulie," akasema. "Usiende na kitu kichafu ugenini."

Nikampa. Sikuiona tena, na mama mwenyewe sikumwona tena akiwa na uhai, maana alifariki nikiwa mwaka wa pili, nikaja kwenye maziko. Baadaye nimefundisha kipaimara miaka mingi, na kila mwaka nimewasimulia watoto jinsi Bwana alivyotema mate chini akafanya tope, akampaka kipofu machoni. Watoto walikuwa wanacheka wakifika hapo. Nilikuwa nawakemea. Nashukuru Mungu ni mvumilivu, kwa sababu ilinichukua miaka kama thelathini kusikia nilichokuwa nafundisha.

Ugonjwa ulianza kwenye vidole, mwaka uliofuata baada ya kumzika mume wangu. Naamka asubuhi mikono imekuwa migumu, nashindwa kufunga kifungo cha blauzi mpaka jua lipande. Nikasema ni baridi ya mlima, nikasema ni uchumaji wa kahawa. Baadaye vifundo vikavimba, mkono huu na huu sawasawa kama vile vimeambiana, kisha nyayo. Hospitali wakasema ni baridi yabisi, ile ambayo mwili unajipiga wenyewe, wakanipa dawa ya kumeza mara moja kwa wiki na nyingine ya kuisaidia. Nikapokea. Nilishaona wenzangu wakipokea makubwa zaidi.

Hakuna aliyenitajia kinywa, nami sikuuliza.

Siku moja nikipiga mwayo nilisikia kitu kinalia mbele ya sikio la kushoto, ko, halafu maumivu yakashuka hadi kidevuni. Nikajua ni jino. Lazima nieleze kwa nini nilijua upesi hivyo. Sisi tuliozaliwa kwenye miteremko hii meno yetu ni ya kahawia. Ni maji ya mlima yanayotupaka rangi tangu utotoni, na hakuna mswaki unaoitoa. Niliwahi kwenda kwenye semina ya akina mama Dar es Salaam, mama mmoja tuliyekaa naye meza moja akaniuliza kama natoka Arusha.

"Umejuaje?" nikamwuliza.

"Si umecheka?"

Basi mtu wa huku chochote kikimpata mdomoni anakitupia maji. Fizi zilipoanza kutoka damu nilisema ni maji. Jino la mbele lilipoanza kucheza nilisema ni maji. Hata ukavu nao niliutupia maji hayo hayo, sasa hebu fikiria. Nikashuka mjini, nikaenda Kaloleni kwenye chumba cha bwana mmoja anayetibu meno. Alikuwa kijana mpole, mwenye mikono misafi.

"Lipi, Bibi?"

"La nyuma, juu, huku kushoto."

Akaligonga kwa chuma. "Linauma nikigonga hivi?"

"Pote panauma."

"Mbona jino lenyewe limesimama imara? Sioni hata tundu."

"Mwanangu, wewe ni mtu wa wapi?"

"Songea."

"Basi hujui maji yetu. Ng'oa."

Aling'oa. Siku mbili tatu nilipata nafuu, nadhani kwa sababu sikutafuna kitu. Maumivu yakarudi mahali pale pale. Nikasema basi ni la jirani yake. Nikarudi, naye akasitasita tena, nami nikamsukuma tena. Masika yale niling'olewa magego matatu kwa amri yangu mwenyewe. La nne alikataa. Aliweka chuma chake kwenye sahani, akaniambia, "Bibi, nisamehe, hili sitaling'oa. Nenda hospitali wakupige picha ya taya." Nilikasirika. Nilipanda nyumbani nikisema moyoni kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu.

Tangu hapo nikawa mtu wa mtori, ile supu nzito ya ndizi zilizopondwa. Loshoro nilikula tangu utoto, yale mahindi yaliyokobolewa na maziwa ya mgando, lakini sasa nikijaribu taya linashika, na hata likikubali, meno ya mbele hayakutani tena, ya juu na ya chini yameachana kama mlango uliopinda. Mtori unaumeza tu. Wifi yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, anayekaa shamba la chini, alinikuta na bakuli siku ya tatu mfululizo.

"Hongera, wifi," akasema. "Mtoto wa kike au wa kiume?"

Kwetu mtori ndio anaopewa mzazi. Nilicheka, na taya likaniadhibu.

Sauti ya kuimba ikaondoka, kwa sababu sauti inataka mdomo unaofunguka. Nilijiondoa kwaya ya akina mama nikisema nimezeeka. Lakini kilichonivunja ni Meza ya Bwana. Jumapili ile nilipiga magoti pamoja na wengine, nikapokea ule mkate mwembamba, ukanata juu kwenye kaakaa kama karatasi kwenye ukuta. Nikausukuma kwa ulimi, ulimi wenyewe mkavu. Mchungaji aliponifikia na kikombe nilikuwa bado nahangaika, nikaingiza kidole mdomoni nikakwangua, mimi mzee wa kanisa, mbele ya madhabahu, mbele ya watoto niliowafundisha kukaa kwa heshima mahali pale. Tangu siku hiyo nikawa nakaa benchi la nyuma, na mara mbili sikwenda mbele kabisa. Nilisingizia miguu.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa wakati mjukuu wangu aliponiomba. Siku ya tatu baada ya ile Jumatatu aliniuliza tena, na safari hii nikamwambia ukweli wa kinywa.

"Sina mate, mwanangu. Yamekauka."

"Yamekaukaje?"

"Maji ya mlima."

Aliniangalia kama anavyoangalia mti ulioanza kukauka kileleni. "Bibi, mimi nakunywa maji hayo hayo," akasema. Ijumaa akanishusha mjini.

Daktari wa kinywa alikuwa mwanamke, umri wa kuwa binti yangu wa mwisho. Akaniamkia, nikaitikia, akaniambia nifungue mdomo.

"Ndio nimefungua," nikasema.

Akajaribu kupitisha vidole vyake viwili kati ya meno. Kikaingia kimoja. Akaacha mdomo, akashika mikono yangu, akaigeuza juu chini.

"Hii mikono ilianza lini?"

"Daktari, nimekuja kwa meno. Mikono ina daktari wake."

"Ni kitu kimoja, Bibi."

Akachukua kidole changu cha shahada akakiweka mbele ya sikio, akaniambia nifungue na kufunga polepole. Chini ya kidole nikasikia kitu kinateleza, kinakwama, kinasaga kama mchanga. "Hapa ni kiungo," akasema. "Kama goti. Kama hivi vifundo vyako. Ugonjwa umefika hapa."

Nimesema maneno mengi maishani mwangu, nimesali, nimeimba, nimekemea, na sikuwahi kujua kwamba mdomo una kiungo. Nilidhani unafunguka tu.

Alituonyesha picha. Vichwa viwili vya mfupa wa taya vilikuwa vimelika, ndiyo maana meno ya mbele yakaachana. Akasema ugonjwa huu huweza pia kushambulia mahali mate yanapotengenezwa, akaniuliza kama macho yananikereketa kama yameingia vumbi. Yananikereketa. Akasema fizi nazo mara nyingi huumwa kwa watu wenye viungo kama vyangu, zaidi wanaposhindwa kushika mswaki vizuri, na kwamba mate yakipungua meno huoza haraka. Vile vidonda vidogo vya ulimini huenda ni ile dawa ya kila wiki, nisiiache, lakini nimwambie daktari wa viungo.

"Na maji?" nikauliza.

"Maji yamekupaka rangi, Bibi. Hayajakufanyia haya mengine."

"Na magego yangu matatu?"

Akaitazama tena picha. "Hayo siwezi kuyasemea, sikuyaona. Ila maumivu unayonieleza ni ya hiki kiungo. Hayakuwa ya meno."

Mjukuu wangu akaweka mkono begani kwangu. Nilimfikiria yule kijana wa Songea na chuma chake kwenye sahani.

Daktari alinisafisha fizi kidogo, akapanga siku ya kurudi. Maagizo yake yalikuwa madogo madogo: kunywa maji funda moja moja kutwa nzima, kitambaa cha maji moto kwenye taya asubuhi, kufungua na kufunga mdomo taratibu bila kulazimisha, chakula laini, dawa ya meno ya kawaida asubuhi na jioni.

"Mate yatarudi?" nikamwuliza.

"Yanaweza kuongezeka kidogo. Kama zamani, sidhani."

"Kwa wiki mbili?"

"Kuna nini wiki mbili zijazo?"

Nikamtazama mjukuu wangu. Alikuwa anatazama sakafu.

"Kuna safari," nikasema.

Jioni ile alichukua gunzi la mahindi, akalitoboa katikati kwa msumari wa moto, akachomeka mswaki wangu ndani yake. Mpini mnene wa gunzi niliweza kuushika kwa mkono mzima. Nilipiga mswaki vizuri kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na damu ikatoka nyingi, naye akasimama mlangoni akiangalia mpaka nikamaliza.

Wiki mbili zile nilijaribu kila asubuhi. Nasukutua, nakunywa, nasubiri, najaribu kutema kwenye kiganja changu mwenyewe. Kinatoka kitu kizito chembamba kama uzi wa buibui, kinabaki mdomoni. Wifi alipopata habari alileta ndimu. "Nyonya, yatakuja mbio," akasema. Nikanyonya. Vidonda viliwaka moto hadi machozi yakanitoka, mate hapana.

"Haya, nitamtemea mimi," wifi akasema. "Mimi ninayo hadi ya kugawa. Tangu nizaliwe sijanyamaza."

"Asante, lakini nataka ya Bibi," mjukuu akajibu.

"Ya Bibi yameshaisha, si unamwona? Mwambie akutemee soda."

Tukacheka wote watatu. Nikaingia ndani nikasali, nikamwambia Bwana wazi kwamba najua. Sikumlalamikia. Mtu aliyefuta mate ya mama yake kwa leso mpya hana la kulalamika akikosa yake. Lakini nilimwomba asimwadhibu mtoto kwa ajili yangu. Mchungaji wangu ataniambia Mungu hafanyi hesabu za namna hiyo. Najua, ndivyo nilivyofundisha. Ila ukiwa peke yako na kinywa kikavu, uliyofundisha hukaa mbali.

Alasiri ya Ijumaa, akipanga nguo kwenye begi, nilimsimulia habari ya mama na leso. Sikuwa nimewahi kumwambia mtu, hata mume wangu. Nilipomaliza alikunja blauzi moja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Na hiyo leso iko wapi?" akauliza.

"Sijui, mwanangu. Hata maziko yalipokwisha sikuitafuta."

Basi la Jumamosi lilikuwa linaondoka mapema, na asubuhi ndiyo saa mbaya kwangu, viungo vyote vinakuwa vimelala. Nikaamka kabla ya jogoo, nikachemsha maji, nikakaa na kitambaa cha moto mashavuni, huku na huku, hadi kikapoa. Nikapiga mswaki kwa gunzi langu. Taya likafunguka upana wa kidole, halikuzidi hapo. Mlima haukuonekana, ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba. Mwendesha bodaboda alikuwa ameshafika, amekaa juu ya pikipiki yake getini, amejikunyata.

Mjukuu wangu akaja mbele yangu kwenye kibaraza, akapiga magoti, akakunjua mikono. Nilikuwa na kikombe cha maji.

Maneno nilitangulia kuyasema, maana niliona siwezi kufanya yote mawili pamoja. Niliyasema kwa Kimeru, yale ya mama, yale ninayoyakumbuka. Kuna sehemu sikuisikia vizuri siku ile kwa kuwa nilikuwa tayari natafuta leso, na sehemu hiyo sina. Nikaijaza kwa sala yangu. Kisha nikapiga funda la maji, nikainama juu ya viganja vyake ili nipulize matone.

Hayakutoka kama matone. Midomo haikunitii, maji yakamwagika yote upande wa kushoto, yakapita kidevuni, yakaanguka mikononi mwake kama ya mtoto mchanga anayecheua. Na ndani yake kulikuwa na wekundu mwembamba wa fizi zangu.

Nikaona aibu. Nikashika haraka pindo la kanga yangu nimfute.

Akafumba viganja. "Acha, Bibi."

"Kuna damu, mwanangu."

"Nimeona. Acha."

Akafumbua, akajipaka usoni, akajipaka kifuani juu ya sweta. Akainuka. Nilimshika kichwa kwa mikono yangu iliyopinda, sikuweza kusema tena, taya lilikuwa limeshafunga kazi yake ya siku hiyo. Akatia mkanda wa begi kwenye kiwiko, si mkononi, akatembea hadi getini viganja vimetazama juu.

Nikamsikia mwendesha bodaboda akimwuliza, "Vipi dada, umeumia mikono?"

"Hapana. Nasubiri ikauke yenyewe."

Yule bwana akamfungia begi. Mjukuu wangu akapanda, mikono ameiweka wazi juu ya mapaja, pikipiki ikashuka, ukungu ukawafunika kabla hawajafika kwenye kona. Niliendelea kuusikia mlio hadi barabarani.

Kikombe kilikuwa na maji yaliyobaki nusu. Nikaketi kwenye kibaraza nikayanywa kidogo kidogo, kama nilivyoagizwa.